Alama 29

Jioni hii, wingu likiwa limetanda juu ya ziwa bila dalili ya kunyesha, niliketi kitandani katika chumba changu hapa Kondele, mjini Kisumu, nikajijazia hojaji ambayo kwa wiki tatu nimekuwa nikiwagawia wanafunzi wenzangu. Ni kipimo cha msongo wa mawazo cha Sheldon Cohen na wenzake, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1983. Toleo fupi lina maswali 10, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 4, na yote huuliza habari za mwezi uliopita tu: ni mara ngapi umeona mambo yamekulemea, ni mara ngapi umeona unayamudu. Nilipata 29 kati ya 40, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo msongo unavyozidi.

Sikushtuka. Mwezi huo ndipo nilipogundua kwamba alama zangu za somo moja la mwaka wa pili hazimo kwenye matokeo, ingawa mtihani niliufanya na karatasi ya mahudhurio nikaitia saini. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha nilikotoka. Mkopo ulichelewa, mwenye nyumba hakuchelewa.

Wenzangu huniita ngangari, na zamani nililipenda jina hilo. Siku hizi naona limenifungia mlango, kwa maana mtu akishaitwa ngangari hawezi tena kubisha hodi kwa jirani kuomba unga.

Katika pendekezo langu la utafiti niliuandika ustahimilivu kana kwamba ni mfupa ambao mtu huzaliwa nao au huukosa. Kisha nikasoma kazi ya Emmy Werner, aliyewafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzimani. Miongoni mwa waliokulia katika ufukara na nyumba zenye misukosuko, takribani theluthi moja walikua watu wenye kujimudu na kuwajali wengine, na jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwapo kwa mtu mzima aliyewashika mkono, awe nyanya, shangazi, mwalimu au jirani. Aya yangu ya mfupa nitaifuta, hata kama msimamizi alikwisha kuipitisha.

Mama huuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika mji wa Usenge, na kila akipiga simu huanza na swali lile lile: "Umekula?" Nami huitikia kabla hajalimaliza. Jumanne alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umekula nini?" Nikakosa la kusema. Alhamisi kondakta wa matatu alinipigia nikachukue mzigo stendi: mkebe wa omena uliofungwa kwa gazeti na uzi wa gunia, na chini yake unga wa mahindi uliochanganywa na mtama.

Omena wa kuanikwa huoshwa kwa maji ya moto mara mbili tatu, mpaka mchanga utulie chini ya sufuria. Nilipokuwa nikiwaosha pale nje bombani, jirani aliuliza mbona siku hizi sionekani, nikajikuta nikimweleza habari za alama. Kumbe yeye alipotelewa na za masomo mawili mwaka jana, na anaijua ofisi ya karani anayeweka nakala za zamani. Ugali tulisonga kwake, kwa sababu tokeni zangu za stima zilikuwa zimekwisha. Jumatatu saa mbili asubuhi atanisindikiza hadi ofisi hiyo.