Nilivyojifunza kupiga hodi upya

Niligonga mlango wa chuma kwa ngumi, mara tatu, kama ninavyogonga kwa jirani yangu Mombasa. Ndani kukawa kimya, kisha vishindo vya mtu anayekimbilia darini. Huyo ndiye kijana niliyekuja kumsaidia: miaka 16, wiki tatu tangu atoke jela ya Israeli.

Ilikuwa Dheisheh, kambi ya wakimbizi wa Kipalestina iliyopo Bethlehem, Ukingo wa Magharibi, tangu 1949. Nilikwenda kujitolea kama mnasihi, na Kiarabu changu nilikipata masomoni Khartoum. Mwenzangu, mnasihi mwenyeji ambaye naye alifungwa ujanani, hakunigombeza. Alisema tu, "Ndugu yangu, wanajeshi nao hugonga hivyo, saa nane za usiku."

Wenyeji wana hodi yao. Mwanamume akiwa bado ngazini huita "Ya Satir!" ili waliomo wajisitiri, neno ni sitara ileile yetu. Basi nikawa nampigia mama wa kijana simu kwanza, kisha naita ngazini na kutaja jina langu. Hata hivyo ulipita mwezi mzima kabla kijana hajaacha kupanda darini.

Alikuwa akilala na jinzi na viatu, kamba zimefungwa. Walipomkamata walimtoa na nguo za kulalia, na hakutaka yamkute tena. Sikumwambia avue. Pale mtu hukamatwa hata mara ya pili, kwa hiyo hofu yake haikuwa wazimu.

Kilichonishinda zaidi ni zile sifa. Alipotoka alipokewa kwa bendera na sinia za kanafe, kitamutamu cha jibini. Mimi, kwa mazoea ya Kiswahili, nikamwita "mahbus", mahabusu. Akanikata kauli: mahbus ni mwizi wa magari, yeye ni "asir", mateka. Kila mtu mtaani alimwita shujaa, na shujaa haelezi kwamba analowesha godoro.

Tulijaribu kumrudisha shule. Mkuu wa shule alitaka arudie darasa, akae na wadogo zake. Alikwenda siku nne. Hadi leo naona tungebishana zaidi, maana bila Tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari, milango mingi hufungwa. Akachagua useremala, kazi ya mbao za mizeituni ambayo Bethlehem inajulikana nayo. Karakanani alidai meza iliyo pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Akapewa.

Hapo ndipo aliposema. Alikuwa akipiga msasa kipande cha mbao, hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyemtaja."

Rafiki yake alikuwa bado ndani. Kijana alihojiwa usiku kucha, bila mzazi wala wakili, akatia saini karatasi ya Kiebrania asiyoweza kuisoma. Vijana wa Ukingo wa Magharibi hushtakiwa mahakama ya kijeshi, hata wa miaka 12, huku mtoto wa mlowezi wa Kiisraeli jirani yao akienda mahakama ya kiraia. Wengi hukiri tu, kwa sababu kusubiri kesi iishe kunaweza kuwa kurefu kuliko kifungo chenyewe. Hayo yote niliyajua, na ulimi ulikuwa tayari kumwambia "si kosa lako". Nikaumeza. Angenijibu nini?

Mwenzangu alichukua msasa mwingine, akaanza kusugua upande wa pili wa ule ubao. Baada ya muda akasema, "Na mimi nilitaja mtu." Basi. Wakaendelea kusugua. Nilikuwa na cheti cha unasihi, lakini neno lile nisingeweza kulitoa mimi.

Rafiki alipoachiwa, kijana aliniomba nimsindikize. Alibeba kilo moja ya kahawa na bakuli alilolichonga mwenyewe, halijakaa sawa, linayumba ukiliweka mezani. Ngazini alisimama kitambo, nikadhani atageuka. Kisha akaita, sauti ikikwaruza: "Ya Satir!"

Mama wa rafiki akafungua. Mimi nikarudi garini.