Kigoma mpaka Tabora, naifuata Msondo

Wanaonifahamu wanajua kwangu mimi Msondo Ngoma ndo bendi namba moja, sijawahi kuficha, nimezaliwa nikaikuta redioni nyumbani na mpaka leo nikiwa nafua au napika ndo inapiga. Sa juzi kati dada yangu mmoja anayeishi Tabora akanitumia bango wasapu, Msondo Jumamosi usiku Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, nikamjibu hapo hapo niandalie pa kulala nakuja, na mjomba naja naye.

Mjomba ilikuwa lazima, yani ujana wake wote kaumalizia Tabora akifanya kazi reli, huwezi kumwambia mtu kama yule kwamba Msondo wanapiga Tabora halafu ukamwacha hapa Mwanga, Kigoma, anacheza bao. Alivyosikia tu akaenda kupiga pasi kaunda suti yake, na safari ilikuwa bado siku kadhaa.

Ijumaa alfajiri tukapanda basi. Njia mnaijua, Uvinza, Malagarasi pale Daraja la Kikwete, Nguruka wauza samaki wanakimbilia madirishani, Kaliua, Urambo, mwili unachoka lakini kwa mjomba hakukuwa na usingizi, ni stori mwanzo mwisho. Akanikumbusha kwamba njia hii hii ndo aliyopita Shem Karenga, kijana wa Kigoma aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz hapa kwetu halafu miaka ya 70 akahamia Tabora Jazz na huko ndo nchi nzima ikamjua. "Mama, zamani mtu wa Kigoma akitaka muziki alikuwa anashuka Tabora tu," akaniambia, maana Tabora ilikuwa na Tabora Jazz wenye mtindo wa Segere Matata, ilikuwa na Nyanyembe Jazz, na kabla yao Kiko Kids. Mji mmoja huo! Mi huwa inaniuma kwamba watoto wa Tabora wa saivi wengi wanaijua miembe na asali tu, hizo bendi ukiwatajia wanakushangaa.

Jumamosi yenyewe mchana sina la kusimulia, tulilala, tukala wali wa dada, mjomba akaenda kuwatafuta wenzie wa reli akawapata wawili.

Uwanjani tumefika jua linazama, jukwaa limewekwa upande wa jukwaa kuu, watu mnasimama kwenye majani au unakodi kiti cha plastiki. Nikamchukulia mjomba kiti, akakikalia nyimbo moja tu, baada ya hapo kikawa cha kuwekea koti. Akina mama wengine wamekuja kikundi kizima na vitenge sare, vijana nao walikuwepo wengi kuliko nilivyotegemea, na wazee ndo usiseme, kila ukigeuka unasema shikamoo.

Sa nisikilizeni hapa kwa sababu hapa ndo penyewe. Wimbo wa kwanza umeanza, sauti za waimbaji zinasikika, tarumbeta na saksafoni zinasikika, gitaa la solo lipo juu kabisa, lakini kitu hakijakaa, mi nasikia kuna shimo katikati sijui ni nini. Mzee mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Rizimu! Ongeza rizimu!" Wazee wengine wakadakia, rizimu, rizimu, mpaka fundi mitambo akainua kichwa akasogeza kitu pale mezani kwake. Weeeh. Wimbo ukafunguka pale pale. Lile gitaa la rizimu ambalo kwenye simu ukisikiliza hata hujui kama lipo, kumbe ndo limebeba kila kitu, solo linauliza, rizimu linajibu, besi inatembea katikati yao, na ukishalisikia mara moja huwezi tena kuacha kulisikia. Nilisogea mpaka karibu na jukwaa nimwangalie anayelipiga. Hacheki na mtu, haruki, macho anayo kwa mpiga dramu, mkono wa kushoto hauhami sehemu moja muda mrefu lakini vidole havitulii, na wa kulia unarudia kitu kile kile, kile kile, dakika na dakika, bila kukimbia wala kuchelewa. Watu wote wanamwangalia mpiga solo na mimi namwangalia huyu.

Halafu wanaingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka. Waimbaji wamemaliza kisa chao taratibu, ndoa imeharibika, ndugu wamegombana, wapulizaji wanaingia kwa pamoja, tumba zinachachamaa, na uwanja mzima unageuka kuwa duara moja linalozunguka. Hapo mjomba na wenzie wa reli wakajipanga mstari, hatua mbili mbele moja nyuma, mikono mifukoni, wanageuka pamoja kama wamefanya mazoezi jana. Vijana wakaanza kuwafuata nyuma kujifunza ile staili, na wazee wakapunguza mwendo ili wawapate. Nina video, nimeirudia sana.

Ilipofika nyimbo za waimbaji wao wa zamani, Gurumo na TX Moshi William, waimbaji wa sasa waliimba kwa heshima kabisa, na sehemu kubwa waliliachia uwanja. TX katutoka 2006, Gurumo 2014, na watu maelfu kwa maelfu wanayashika maneno yao yote bila kukosea. Nililia, na sikuwa peke yangu. Fikiria hii bendi imeanza 1964 ikiwa NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, chama ndo kilinunua vyombo, wanamuziki wameajiriwa na mshahara, ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, majina yanabadilika kila chama kikibadilika, na muziki haujakatika. Wazee wa jana uwanjani nusu yao bado wanaiita JUWATA.

Mimi sina ubaya na bongo fleva, nacheza vizuri tu, ila msanii kusimama uwanja mzima anaimba juu ya sidii na sauti yake mwenyewe inatoka kwenye spika huku kipaza kipo kiunoni, hapana jamani. Kwa hela ile ile tumepata watu zaidi ya kumi jukwaani wote wana kazi, na hakuna wimbo uliofanana na ulivyo redioni, kuna mmoja chemko lake lilinogewa mpaka nikadhani hawatalimaliza.

Jumapili kurudi mjomba akawa anabishana na konda Msondo na wapinzani wao Sikinde, ile bendi ya Mlimani Park, nani zaidi, konda ni shabiki wa Sikinde, abiria wakagawanyika basi zima toka Urambo mpaka Uvinza, na mimi nimetetea Msondo mpaka sauti ikakauka. Sa mapromota wa Kigoma nawaomba, Uwanja wa Lake Tanganyika upo na watu wa kujaza tupo, toka Ujiji, Gungu, Katonga, Kibirizi mpaka Kasulu watakuja, leteni Msondo, na mkiweza waleteni na Sikinde usiku mmoja. Fundi mitambo tu aambiwe mapema kuhusu rizimu.