Programu ya maji kujaa na kupwa, na siku 21 za R-CHOP

R-CHOP, mpango wa dawa kadhaa wa kutibu limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), hurudiwa kila baada ya siku 21, na wengi hupata mizunguko 6. Programu niliyokuwa naiandika kwa kupenda tu wakati wa tiba hiyo ni ya Python, lugha ya kuandikia programu: inakokotoa saa za maji kujaa na kupwa. Iliendelea kwa sababu niliacha kuipangia siku za wiki, nikaipangia siku za mzunguko.

Siku ya kwanza ni ya dripu. Rituximab, mojawapo ya dawa hizo, mara ya kwanza huingizwa polepole, saa kadhaa, na dawa ya kuzuia mzio inayotangulia huleta usingizi. Usipange kuandika msimbo. Niliomba kanula (mrija mwembamba wa dripu) iwekwe kwenye mkono nisioandikia, mbali na kifundo, na nikaenda na kurasa za msimbo zilizochapwa kwa herufi kubwa pamoja na kalamu nyekundu. Mistari inayopanda na kushuka kwenye skrini huchochea kichefuchefu, karatasi imetulia.

Siku ya 1 hadi ya 5 kuna vidonge vya prednisolone, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Vimezwe asubuhi baada ya chakula, maana hufukuza usingizi. Mawazo hufurika na mtu hujiona anaweza kuandika upya kila kitu. Mimi siku hizo niliandika sana, ila kwenye tawi la pembeni tu la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), yaani nakala isiyogusa kazi kuu. Hakuna kilichoingia tawi kuu kabla ya siku ya 15. Wazo la kubadili muundo wa data lililokuja saa tisa usiku lilikwenda kwenye faili ya maandishi, likangojea kichwa kitulie.

Vidonge vikiisha mwili hulegea ghafla, basi siku ya 6 na ya 7 kompyuta ipumzike. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Kipimajoto kikae karibu: joto likifika nyuzi 38 ni hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, wala usitangulize paracetamol, kwa kuwa itaficha homa. Hakuna hitilafu ya programu inayostahili kusubiriwa hapo.

Kumbukumbu ndiyo inayosumbua zaidi. Lugha ya Python haisahauliki. Kinachopotea ni sababu: kwa nini hesabu hii niliizidisha hapa? Kwa hiyo kila nilipofunga kazi niliacha faili INAYOFUATA.txt yenye mistari mitatu: nilikuwa nafanya nini, amri ya kuendesha, na hatua moja ndogo inayofuata. Pia niliacha jaribio moja, yaani msimbo mfupi wa kukagua programu, linaloshindwa kwa makusudi. Mfano, wimbi la mwezi, M2, hujirudia kila saa 12.42, na la jua, S2, kila saa 12. Hukutana kila baada ya siku 14.77, ndiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Jaribio lilidai bamvua mbili zipishane siku 14 au 15. Ukirudi, `pytest -x`, amri ya kuendesha majaribio na kusimama kwenye la kwanza linaloshindwa, inakusimamisha palepale ulipoachia.

Kazi iliyoishia nusu usiiweke kando kwa `git stash`, kwa sababu haionekani kwenye historia na utaisahau. Ikomiti, yaani iingize kwenye historia kwa `git commit`, ujumbe uanze na neno NUSU. Matoleo ya maktaba (msimbo wa wengine unaoutumia) yafunge kwa alama ya == kwenye requirements.txt, faili inayoziorodhesha, ili baada ya wiki mbili za kulala usikute toleo jipya limevunja kilichokuwa kizima.

Vincristine, dawa nyingine ya R-CHOP, huleta ganzi vidoleni, na kitufe kimoja hubonyezwa mara mbili bila kujua. Kwenye mipangilio ya ufikivu, washa kipengele cha kupuuza mibonyezo ya harakaharaka, uanze na milisekunde 300, kisha uzime herufi kujirudia. Daktari aambiwe mapema, hasa vifungo vya shati vikianza kuwa vigumu, kwani dozi inaweza kupunguzwa. Ganzi ikiachwa izidi, huchukua muda mrefu kuondoka.

Jambo la mwisho lifanyike kabla ya dripu ya kwanza. `git bundle create nakala.bundle --all` hukusanya historia yote kwenye faili moja. Iweke kwenye flashi, nywila ziwe ndani ya bahasha, vyote apewe mtu wa nyumbani unayemwamini. Kisha chukua kompyuta nyingine, andika `git clone nakala.bundle`, uendeshe majaribio uone kama yanapita.