Alasiri ya ndege ziwani
Baridi bado haijaaga, ila leo alasiri jua lilijitokeza, nikabeba darubini nikazunguka maziwa ya jirani. La kwanza nusu yake bado ni barafu, na ndege wote wamejibana kwenye kipande cha maji kilichobaki: batamwitu, kukuziwa wakifukuzana bila sababu (hawa adabu hawana kabisa), na mnandi mmoja juu ya gogo, mbawa kazitandaza zikauke. Manyoya yake hulowa, ndiyo maana huzama kirahisi akifukuza samaki.

La pili, hakuna kitu. Nikapita.

La tatu ndilo lililonilipa. Vibisi wawili wenye shungi, wameshaanza kuvaa rangi za msimu wa kuzaliana, walikaribiana uso kwa uso, shingo juu, wakatikisa vichwa kushoto, kulia. Mmoja akigeuka kuchokoa manyoya ya mgongoni, mwenzake naye hivyo hivyo. Vidole vilinifa ganzi lakini darubini sikuishusha.

Bata wao walisimama peku juu ya barafu wala hawana habari! Damu ya moto inayoshuka miguuni huipasha ile damu baridi inayopanda kurudi mwilini. Mimi Jumamosi narudi na glavu nene.