Ukiona dawa ya viungo imekutuliza kwa usiku mmoja

Muuzaji wa stendi, iwe Arusha au Moshi, huwa na spika, meza ndogo na vikopo vyeupe visivyo na lebo. Kwa pumzi moja atataja goti, kiuno, presha na nguvu za kiume, kisha atamalizia kwa "haina kemikali". Tuanze na huyo, kwa sababu madhara mabaya zaidi ya dawa za asili za viungo mara nyingi hayatoki kwenye mti. Yanatoka kwenye kilichosagwa pamoja na mti.

Mizizi na magome hayatulizi goti lililosagika kwa usiku mmoja. Manjano, tangawizi na ubani, ambavyo angalau vimefanyiwa majaribio, huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na nafuu yenyewe ni ya wastani. Kwa hiyo bibi aliyekuwa anashikwa mkono kwenda kanisani akinywa kijiko cha unga jioni, na asubuhi akapanda ngazi mwenyewe, usiushukuru mti haraka. Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo ni steroidi, yaani dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, pengine na diklofenaki, dawa ya maumivu, juu yake. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho kwa jina la Artri King: vilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Hilo ni kopo lenye jina na nembo. La stendi je?

Dalili za steroidi iliyofichwa zinadanganya, maana mwanzoni zinafanana na afya. Hamu ya kula inapanda, mashavu yanajaa, uso unakuwa wa mviringo, na majirani wanasema dawa imemkubali. Huku ndani sukari inapanda, presha inapanda, usingizi unakatika, na ngozi inaanza kuchubuka kwa kuguswa kidogo. Kinga ya mwili inashuka, hata TB iliyolala inaweza kuamka. Akikosa dozi siku mbili, maumivu yanarudi kwa kishindo, naye anahitimisha kwamba bila dawa ile hawezi kuishi. Diklofenaki nayo inachimba tumbo: choo cheusi kama lami ni damu, na hapo hakuna kusubiri kesho. Mwenye presha anayemeza losartani pamoja na kidonge cha kukojosha yuko hatarini zaidi, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana na diklofenaki figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache.

Kosa kubwa linafanyika siku ya kuacha. Mtu anasikia habari kama hizi, anatupa kopo jalalani, na siku chache baadaye amelegea, anatapika, kizunguzungu, presha imeshuka. Ukimeza steroidi kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake, na haziamki siku hiyohiyo uliyoacha. Hali hiyo inaua. Kama umetumia unga unaoushuku kwa muda huo, nenda hospitali na kopo mkononi, iwe Mawenzi, KCMC, Mount Meru au iliyo karibu nawe, umwambie daktari umetumia kiasi gani na tangu lini. Atakupa prednisoloni ya kipimo kinachojulikana na kuishusha polepole. Usijaribu kupunguza unga wenyewe nyumbani kijiko kwa kijiko, kwa sababu hujui kila kijiko kimebeba nini.

Sasa miti yenyewe, ikiwa safi.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida. Kijiko cha chai ni kama gramu 3, na kurkumini, kiambata chake kinachouzwa kama dawa, ni karibu asilimia 3 tu, yaani takriban miligramu 90. Kapsuli moja ya miligramu 500 za kurkumini ni sawa na vijiko vitano na zaidi, tena nyingi huongezwa piperini ya pilipili manga ili iingie mwilini kwa wingi. Utafiti uliochapishwa 1998 ulionyesha kurkumini inayoingia mwilini ikiongezeka kwa asilimia 2,000. Watengenezaji wanalitangaza hilo kama sifa. Ini linalipokea tofauti: nchi kadhaa zimeripoti wagonjwa wa ini waliotumia kapsuli za aina hii, wengi wakianza kuumwa kati ya mwezi mmoja na minne. Angalia macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mwili kuwasha, kichefuchefu kisichoisha. Mwenye mawe kwenye nyongo asiziguse.

Manjano, tangawizi na kitunguu saumu kwa dozi kubwa hufanya damu ichelewe kuganda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, klopidogreli au aspirini ya moyo, asichanganye bila daktari kujua, na anayesubiri upasuaji aache mimea hiyo wiki mbili kabla. Tangawizi nyingi pia inaleta kiungulia. Mlonge na mwarobaini vinaweza kushusha sukari. Ukivijumlisha na glibenklamidi, dawa ya kisukari, unaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Utomvu wa njano wa mshubiri unaharisha na kupoteza potasiamu, jambo baya kwa moyo. Na pale muuzaji anaposema kuharisha ni "dawa inafukua ugonjwa", jua kuwa goti halitokei chooni.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wauza dawa hawaligusi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO. Ikizidi kwa miaka mingi, floraidi inakakamaza mgongo na viungo, na meno ya kahawia tangu utotoni ni ishara kwamba mtu amekulia kwenye maji hayo. Ukichemsha magome kwa muda wa saa tatu ukitumia maji ya namna hiyo, maji yanapungua, floraidi inabaki, na mgonjwa anakunywa iliyokolea. Magadi ya kulainishia makande yanaweza kuongeza nyingine. Tumia maji ya mvua, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto.

Kama bado unataka mti, nunua mzizi mzima, sokoni Kilombero au Mbuyuni, uusage mwenyewe. Manjano ya unga yanayong'aa kupita kiasi yatilie shaka. Bangladesh wafanyabiashara walikutwa wakiyatia rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Unga wenye ukungu, hasa wakati wa masika, tupa. Tumia aina moja tu kwa wakati, ili kitakachotokea ujue kimetoka wapi, na andika tarehe ya kuanza. Pima presha na sukari kabla, kisha kila wiki. Ukitumia kapsuli zaidi ya mwezi, omba kipimo cha ini na cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo. Wiki nane bila nafuu zinatosha, acha. Na kidole gumba cha mguu kilichovimba baada ya nyama choma na bia kikipona ndani ya siku kumi, huenda ni jongo lililojiondokea lenyewe. Asidi ya yuriki, inayosababisha jongo, bado inahitaji kupimwa.

Ukipata madhara, funga kopo na kilichobaki ndani, usilioshe. Daktari anaweza kuripoti TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na unga huo ndio utakaopimwa maabara.