T inapita mara mbili

Leo Jumamosi nimeamka kabla ya jua. Tapeti, yaani lile pengo dogo la juu ya valvu, hupimwa injini ikiwa ya baridi, na mwezi huu wa Juni hapa Dodoma baridi ndiyo kitu pekee tunachogawiwa bure. Nimevaa mzula na sweta la mke wangu, nikatandika gunia chini ya mwarobaini, nikaanza.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ile ya fito ndefu zinazosukuma valvu, iliyoigwa kutoka Honda CG125. Ndiyo inayonifikisha Mpunguzi kwenye zabibu zangu. Tangu Februari inalia kama cherehani, na ikiona kilima inakata tamaa. Mtuhumiwa nilishampata: fundi wa kijiweni aliyeifungua Januari. Nimemsema kwa majirani, nimemsema kwa bodaboda, juzi nikapita pake bila hata salamu. "Kanifungia spea feki," basi, ndiyo wimbo wangu wa miezi minne.

Nikaweka nyutro, nikachomoa plagi ili injini izunguke bila kubisha, nikafungua kifuniko cha tapeti pale juu. Kisha vile vifuniko viwili vya upande wa kushoto: kikubwa cha kupitishia spana ya boksi, na kidogo cha kuchungulia magneti, lile gurudumu lenye alama. Mtoto wa dada yangu kazi yake ilikuwa kushika mrija wa soda ndani ya tundu la plagi. Nikazungusha kinyume cha saa, polepole. Mrija ukapanda. Kwenye kidirisha ikapita alama ya F, pale cheche inaporuka injini ikiunguruma polepole bila kuvutwa mafuta, halafu ikaja T, alama ya pistoni kufika juu kabisa. Nikaisimamisha sawasawa na alama ya kwenye kava. Mrija umefika juu, umetulia.

Nikashika roka, vile vikono viwili vinavyobonyeza valvu. Zote mbili zimekaza, hazitikisiki hata kidogo.

Hapo nikakaa chini. T si inaonekana? Pistoni si iko juu? Nikamwambia kijana atoe mrija, azibe tundu kwa kidole gumba, nami nikazungusha tena. Mwanzo kimya, kama kidole kinavutwa ndani. Mara akacheka: "Mjomba, inanisukuma!" Upepo ulikuwa unamponyoka pembeni ya kidole, fyuu. T ikarudi. Safari hii roka zinacheza, tik tik, kwa ncha ya kidole.

Ndiyo hivyo. Krenki, ule mhimili ninaouzungusha kwa spana, inazunguka mara mbili ndipo kamu, inayofungua valvu, imalize mzunguko mmoja, kwa hiyo pistoni inafika juu mara mbili: mara ya kwanza inafukuza moshi, mara ya pili inakandamiza hewa na petroli. Ile ya moshi, valvu ya kutolea haijafunga vizuri na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Ukipima hapo unapima uongo.

Na mimi nilipima hapo. Februari, mimi mwenyewe, chini ya mwarobaini huuhuu, nikiokoa hela ya fundi. Niliona T nikaridhika, nikakuta roka zimebana, nikazilegeza hadi fila, kile kibati chembamba cha kupimia pengo, ipite. Kumbe nikaziachia pengo la kupitisha ng'ombe. Valvu hazifunguki vya kutosha, nguvu itoke wapi? Kelele zile zilikuwa roka zinagonga.

Nikaweka milimita 0.08, fila ikipita kwa kuburuzika kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Nikabana nati, nikapima tena maana nati ikibanwa huwa inahamisha kipimo. Nikazungusha mara mbili kamili, nikapima mara ya tatu. Uoga.

Kiki ya pili ikawaka. Kijana akainama kusikiliza. "Mjomba, mbona imenyamaza?"

Njia ya shambani inapita mbele ya kile kijiwe. Leo nimezungukia njia ya nyuma, ile ya mchanga.