Kipengele cha malipo kwenye mkataba wa huduma za ajira kwa watu wenye ulemavu

Ukimlipa mtoa huduma pale tu mtu anapopata kazi, atawachagua walio rahisi kuajirika; mwenye ulemavu mzito atazungushwa kwenye mafunzo yasiyoisha. Gawa malipo: sehemu mteja (mtafuta kazi) anapoandikishwa, sehemu siku yake ya kwanza kazini, kisha wiki ya 13 na ya 26 akiwa bado kazini. Matatizo mengi huanza baadaye, msimamizi anapohamishwa au zamu inapobadilishwa ghafla.

Zabuni itaje idadi ya wateja kwa kila afisa. Mfumo wa IPS (Individual Placement and Support, yaani kumweka mtu kazini na kumsaidia akiwa huko), uliobuniwa Marekani kwa wenye maradhi ya akili, unataka wasizidi 20. Bei ikiwa ya chini mno, hapo ndipo mtoa huduma hubana gharama kimyakimya, kwa kumrundikia afisa mmoja wateja wengi.

Na mkalimani wa lugha ya alama awe na fungu lake kwenye bajeti, la sivyo viziwi hawataitwa.